Kumuuguza Ndugu Mwenye Saratani ya Ubongo: Mwongozo Kamili Kuanzia Siku ya Majibu

Saratani ya ubongo inashambulia kiungo kilekile ambacho mgonjwa anakitegemea kueleza anavyojisikia. Mwenye maumivu ya kifua atakushika mkono akuonyeshe panapouma. Mwenye uvimbe kichwani anaweza kutapika alfajiri, akasahau, na ikifika saa nne akamwambia daktari "Mimi mzima kabisa", akiamini kila neno analosema. Daktari anakaa naye dakika chache. Wewe unaishi naye. Kwa hiyo kazi yako kubwa, kuliko hata kupika na kumwogesha, ni kuwa shahidi wake: uone, uandike, na useme kwa niaba yake pale maneno yanapomkimbia.

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumuuguza kaka yangu mkubwa nikisaidiana na wifi yangu. Kwenye mabenchi ya kusubiri mionzi nilikutana na ndugu wengi wa wagonjwa wakiuliza maswali yaleyale tuliyokuwa nayo sisi. Nitafuata safari ya glioblastoma, ambayo ndiyo saratani inayoanzia ndani ya ubongo inayowapata watu wazima kuliko nyingine zote. Kama ndugu yako ana aina nyingine, ratiba ya tiba itatofautiana, lakini karibu yote yanayohusu dawa, kifafa, tabia na uangalizi wa nyumbani yatakufaa. Likigongana neno langu na la daktari wenu, fuateni la daktari.

Siku ya majibu: msitoke bila kuuliza haya

Swali la kwanza ambalo karibu kila familia huuliza ni "imefika steji ya ngapi?" Saratani nyingi hupangwa kwa steji kufuatana na zilivyosambaa mwilini. Uvimbe wa ubongo hupangwa kwa daraja, 1 hadi 4, kufuatana na sura ya chembe zake, vinasaba vyake na ukali wa ukuaji wake. Glioblastoma ni daraja la 4 tangu siku inapogunduliwa, na ni nadra sana kutoka nje ya ubongo kwenda kwenye viungo vingine. Kuambiwa "daraja la nne" hakumaanishi kwamba mlichelewa. Hili nalisisitiza kwa sababu nimewaona wake na akina mama wakijilaumu miezi mingi kwa maumivu ya kichwa waliyoyatibu kwa panado, kumbe hakuna mtu ambaye angeweza kujua.

Ulizeni jina kamili la uvimbe, na mwombeni daktari aliandike kwa mkono wake. Ulizeni uko upande gani na sehemu gani ya ubongo, upasuaji unaweza kuondoa kiasi gani, na tiba inalenga nini: kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza mateso. Mwisho ulizeni kama likitokea tatizo usiku mmpigie nani.

Swali la sehemu ya ubongo ndilo litakalokusaidia zaidi nyumbani. Upande wa kulia wa ubongo unatawala mkono na mguu wa kushoto, na wa kushoto unatawala vya kulia. Kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto. Sehemu ya mbele inabeba tabia, subira na maamuzi, ya nyuma inabeba kuona, na ile ya chini kisogoni inabeba mizani ya mwili. Mwenye uvimbe upande wa kulia anaweza kuusahau kabisa upande wake wa kushoto. Anakula wali ulio kulia mwa sahani, anauacha wa kushoto, na anasema chakula kimekwisha. Usibishane naye. Izungushe sahani.

Kuhusu muda wa kuishi, mgonjwa mwenyewe aulizwe kwanza anataka kujua kiasi gani. Desturi yetu ni kumficha mgonjwa na kuwaambia ndugu, na naelewa huruma iliyomo humo. Lakini kwa ugonjwa huu nashauri kinyume. Akili ya mgonjwa inaweza kufifia mapema kuliko mwili wake, na mtu aliyefichwa hupoteza nafasi ya kusema anachotaka akiwa bado anaweza kukisema. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, ambao ndio uliozaa tiba inayotumika hadi leo, ulionyesha kuwa waliopata mionzi pamoja na vidonge vya saratani viitwavyo temozolomaidi waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 26, dhidi ya asilimia 10 ya waliopata mionzi peke yake. Takwimu hizi ni za kundi, hazimtabirii mgonjwa mmoja, ila zinaonyesha kwa nini tiba ina maana na kwa nini mambo ya familia hayafai kuahirishwa.

Daftari

Nunua daftari gumu, la kawaida la shule, likae na mgonjwa popote aendapo. Simu huzimika, hubadilishwa, na ndugu wa zamu ya usiku hana neno lako la siri.

Ukurasa wa kwanza uandike jina la mgonjwa, namba ya faili, jina la ugonjwa, dawa zote na vipimo vyake, dawa zinazomdhuru, na namba za simu za watu watatu. Kurasa zinazofuata ziwe za kila siku: amelala vipi, ameumwa kichwa saa ngapi, ametapika au la, amepata choo, amekula nini, joto la mwili, na dawa gani kapewa saa ngapi na nani. Hilo la "nani" lina uzito wake. Nyumba yenye wauguzaji wanne ndiyo nyumba ambayo mgonjwa hupewa dawa mara mbili.

Andika pia mambo yanayoonekana madogo. Ameshindwa kufunga kifungo cha shati. Amemwita mtoto kwa jina la shangazi. Kandambili inamvuka mguu mmoja bila yeye kujua. Kichwa kinamuuma zaidi anapoamka na kinapungua akishakaa. Haya yakipangwa kwa tarehe yanamwambia daktari kama maji yanayojaa kuzunguka uvimbe yanaongezeka, na mara nyingi huamua kama dozi ya dawa ibadilishwe.

Pamoja na daftari, weka mfuko mmoja wenye nakala za rufaa, majibu ya maabara, na diski za picha za MRI na CT. Kila hospitali mpya itataka picha zenyewe, na karatasi ya maelezo peke yake haitoshi.

Kikao cha familia, na karatasi za mapema

Iteni kikao ndani ya wiki ya kwanza. Chagueni msemaji mmoja wa kuongea na madaktari na mmoja wa kushika pesa za michango, na wasiwe mtu yuleyule. Msemaji atume taarifa moja kwenye grupu la WhatsApp la familia ili mke au mama wa mgonjwa asipokee simu thelathini kwa siku akirudia habari ileile.

Panga zamu kwa majina na saa. "Tutasaidiana" haimlishi mgonjwa uji saa kumi na mbili asubuhi.

Kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa na akili timamu, shughulikieni wosia, hati ya kisheria ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia mambo yake, akaunti za benki, pesa zilizo kwenye simu, hati za kiwanja, na orodha ya anaowadai na wanaomdai. Mwanasheria au afisa wa kisheria wa karibu anaweza kuzitengeneza. Ndugu mwingine atasema mnamchuria. Mjibuni kwa upole kwamba hata mzima huandika wosia, kisha mwendelee.

Pesa: ulizeni bima inalipa nini kabla tiba haijaanza, hasa picha za MRI na vidonge vya kemo (dawa za kuua chembe za saratani), maana hivyo ndivyo vinavyoangusha familia. Kwa Kenya, bima ya zamani ya NHIF ilipisha bima mpya ya SHA mwezi Oktoba 2024, kwa hiyo hakikisheni usajili wa mgonjwa umekamilika. Kwa wasio na bima Tanzania, mlango wa kwanza wa kugonga ni wa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Nendeni mapema na barua ya serikali ya mtaa, msisubiri mpaka mmeuza ng'ombe wa mwisho.

Dawa mbili zitakazotawala nyumba

Deksamethasoni, wengi huiita deksa, hupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe. Inaweza kufanya mtu aliyekuwa hoi akae kitandani na kuomba chai ndani ya siku moja au mbili, na familia ikadhani amepona. Saratani haijaguswa, ila shinikizo ndani ya fuvu limepungua.

Apewe baada ya kula, asubuhi. Kama dozi ni mbili kwa siku, ya pili iwe mchana, isivuke saa tisa au saa kumi, la sivyo usiku mzima atakuwa macho. Dawa hii hupandisha sukari hata kwa asiye na kisukari, kwa hiyo omba apimwe mara kwa mara, na akianza kunywa maji mengi na kukojoa sana, sema. Huleta njaa kali, uso kuvimba kama mwezi, hasira za ghafla, fangasi nyeupe mdomoni, na misuli ya mapaja kulegea mpaka ashindwe kuinuka kwenye kiti kifupi au kwenye choo cha kuchuchumaa. Hukwaruza tumbo pia. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini kutoka duka la dawa bila ruhusa ya daktari. Kinyesi cheusi kama lami ni dharura.

Na kubwa kuliko yote, deksa haikatwi ghafla. Mwili ulioizoea huacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na ukiikata kwa siku moja mgonjwa anaweza kuanguka vibaya mno. Hupunguzwa kidogokidogo kwa ratiba ya daktari. Hesabu vidonge kila Jumatano ili visikuishie Jumapili.

Ya pili ni dawa ya kifafa, kama mgonjwa ameandikiwa: levetirasetamu, fenitoini, kabamazepini au nyingine. Hizi hazirukwi hata siku moja, hata akiwa hajaanguka miezi mitatu, maana kutoanguka ndiyo kazi yenyewe ya dawa. Levetirasetamu inaweza kumfanya mtu mpole awe mkali na mwenye huzuni. Mwambie daktari, kuna namna ya kurekebisha. Mwenye vipele au malengelenge baada ya kuanza dawa ya kifafa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa Muislamu, mwezi wa Ramadhani uzungumzwe mapema na daktari na shehe. Mgonjwa wa namna hii ana ruhusa ya kutofunga, na ratiba ya dawa hizi haistahimili kuchezewa.

Akianguka kifafa

Kila mtu wa nyumba hiyo, mpaka dada wa kazi na watoto wakubwa, afundishwe haya kabla siku haijafika.

Kwanza tazama saa. Halafu ondoa vitu vigumu na vya moto karibu yake, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza shati shingoni. Mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke nje. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni. Meno huvunjika, vidole hukatika, na ulimi haumezwi kamwe. Usimnusishe kiatu wala kiberiti. Usimpe maji wala dawa mpaka azinduke kabisa. Mtu mmoja azungumze naye kwa sauti ya chini, wengine watoke.

Ukipita muda wa dakika 5, au akianguka mara ya pili kabla hajazinduka, au akishindwa kupumua vizuri baada ya kutulia, au amejigonga kichwa, mkimbizeni hospitali. Vilevile kama ndiyo mara yake ya kwanza.

Akizinduka atachanganyikiwa, atalala, na mkono au mguu unaweza kulegea kwa saa kadhaa. Andika kwenye daftari ilianzia wapi, kwa mfano kidole cha kushoto, pembe ya mdomo, au macho kugeukia upande, na ilichukua muda gani. Na si kila kifafa ni cha kuanguka: kutafuna hewa, kukodoa macho bila kujibu, au mkono kurukaruka peke yake pia ni kifafa.

Majirani watasema ni mapepo. Hakuna haja ya ugomvi. Waambie uvimbe umeonekana kwenye picha na ndio unaomwangusha, na anayetaka kumwombea anakaribishwa, ilimradi dawa zinaendelea. Kuanzia hapo mgonjwa haendeshi gari wala pikipiki, haogelei, hachoti maji kisimani peke yake, haachwi na jiko la mkaa, na mlango wa bafu haukomewi kwa ndani.

Upasuaji

Tanzania, upasuaji wa ubongo unafanywa zaidi MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, na pia kwenye hospitali nyingine kubwa za rufaa na za kanda. Andaeni ndugu wa kuchangia damu, nguo zenye vifungo mbele, na mtu wa kukaa karibu na wodi. Daktari huondoa kadiri inavyowezekana bila kuharibu usemi au miguu, na hakuna upasuaji unaoondoa glioblastoma yote kwa sababu chembe zake zimeshajipenyeza kwenye ubongo unaoonekana mzima. Akisema "tumeacha kidogo", ameacha kwa sababu.

Siku za mwanzo uso na macho huvimba, na udhaifu au usemi unaweza kuwa mbaya zaidi kabla ya kuwa afadhali. Jiandaeni kwa hilo ili msipigwe na butwaa. Mkirudi nyumbani, tazama kidonda kila siku kwa mikono iliyonawishwa. Maji maangavu yanayotiririka kwenye kidonda au puani, usaha, homa, shingo kukakamaa, au usingizi usioamshika: rudini hospitali usiku huohuo. Usipake mafuta ya kienyeji wala majivu. Majibu ya nyama iliyopelekwa maabara huweza kuchukua wiki kadhaa. Fuatilieni kwa heshima lakini bila kuchoka, kwa sababu mionzi inapangwa kwa majibu hayo.

Mionzi

Tiba ya kawaida ni vipindi 30, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 6. Wazee na waliodhoofika hupewa ratiba fupi, mara nyingi vipindi 15. Ocean Road pale Dar es Salaam ndiyo taasisi ya saratani ya taifa, na Bugando Mwanza pia wanatoa mionzi kwa watu wa Kanda ya Ziwa. Nairobi kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Wanaotoka mikoani, tatizo la kwanza ni pa kulala. Tafuteni chumba au ndugu aliye kwenye njia ya moja kwa moja kwenda hospitali, hata kama nyumba ni duni kuliko ile ya mbali. Mgonjwa aliyechoka kwa mionzi akabadilisha daladala mara tatu hafiki wiki ya nne. Msimrudishe kijijini katikati ya tiba kwa msiba au sherehe, maana vipindi vilivyokatizwa huipunguzia tiba nguvu.

Kabla ya kuanza, atatengenezewa kinyago cha plastiki kinacholainishwa kwa joto na kugandamizwa usoni mpaka kishike sura yake. Kinyago hicho hukazwa kwenye meza ili kichwa kisicheze. Wengi huogopa, wengine hulia. Mwambie mapema kwamba kina matundu ya kupumulia, mionzi yenyewe haiumi na huchukua dakika chache, na mafundi wanamwona na kumsikia kwenye kamera muda wote. Kaka yangu alisaidiwa na kuhesabu pumzi. Mwingine niliyemfahamu alikuwa akisali rozari, na alikuwa anajua atafika fumbo la ngapi mashine ikizimika.

Nywele hutoka sehemu iliyopigwa, kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu. Osha kichwa kwa maji ya vuguvugu bila kusugua, usipake dawa ya nywele wala mafuta makali, na mfunike kitambaa cha pamba juani. Uchovu ndio mgeni mkubwa, na unaweza kuwa mzito zaidi wiki chache baada ya mionzi kwisha, wakati ndugu wanasema "tiba imeisha, mbona bado analala?" Mwache alale, halafu mtembeze kidogo uani jioni jua likipoa.

Vidonge vya kemo

Temozolomaidi huanza siku moja na mionzi. Mionzi hupumzika Jumamosi na Jumapili, vidonge havipumziki. Wiki 6 zikiisha hupumzika takriban mwezi mmoja, kisha anaanza mizunguko: siku 5 za vidonge ndani ya kila siku 28, kwa kawaida mizunguko 6, kwa dozi kubwa kuliko ya mwanzo.

Humezwa tumbo likiwa tupu, vizima, kwa glasi ya maji. Dawa ya kuzuia kichefuchefu hutangulia kama nusu saa kabla. Usifungue kapsuli wala kuichanganya kwenye uji. Anayeshika vidonge avae glovu, na mjamzito asivishike kabisa. Akitapika baada ya kumeza, usimrudishie dozi siku hiyo, andika na umjulishe daktari. Dawa ya kichefuchefu hufunga choo, kwa hiyo papai, mboga za majani na maji viwepo, na siku tatu bila choo ni jambo la kusema. Mgonjwa na mwenzi wake watumie uzazi wa mpango.

Damu hupimwa kila wiki wakati wa mionzi, na kabla ya kila mzunguko baadaye. Msimeze mzunguko mpya kabla majibu hayajasomwa. Chembe nyeupe za damu zikishuka mwili hauna askari, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikishuka damu hutoka kwenye fizi au puani, na madoadoa mekundu hutokea ngozini.

Hapa ndipo nataka usome mara mbili. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na mtu hununua dawa mseto dukani akalala. Kwa mgonjwa wa kemo, joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura ya saa hizohizo, hata kama kipimo cha malaria kimesoma ndiyo. Anaweza kuwa na malaria na maambukizi ya damu kwa pamoja, na hayo ya pili humuua mtu asiye na chembe nyeupe kwa muda mfupi sana. Nunua kipimajoto. Ukifika hospitali, neno la kwanza liwe "huyu anatumia kemo". Wengine huandikiwa septrini ya kinga ya mapafu kwa kipindi hiki. Kama ameandikiwa, asiache.

Kitu kingine cha kuangalia ni miguu. Uvimbe wa ubongo huongeza hatari ya damu kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, au akianza kukosa pumzi ghafla na kifua kubana, nendeni hospitali.

Dawa za miti shamba zitaletwa, na zinaletwa kwa upendo. Mpokee aliyezileta, mshukuru, na usimpe mgonjwa bila daktari kujua, kwa sababu baadhi huumiza ini na figo, na nyingine huvuruga dawa za kifafa.

Akibadilika tabia

Hakuna aliyenionya kuhusu sehemu hii, na ndiyo iliyotuumiza zaidi. Mtu mpole anatukana. Mcha Mungu anavua nguo sebuleni. Baba aliyekuwa akipanga kila kitu anakaa kutwa nzima akitazama ukuta, na watoto wanasema hawapendi tena. Wifi yangu aliambiwa maneno ambayo mumewe hakuwahi kumwambia katika ndoa yao yote, na kesho yake mumewe alikuwa hakumbuki.

Jambo la kwanza ni kuwaambia watoto waziwazi: "Uvimbe umekaa mahali panapotunza subira ya baba. Anayesema si yeye wa siku zote." Wakilijua hilo wanalia kidogo, halafu wanaweza kukaa naye tena.

Pili, punguza kelele. Televisheni, redio ya jirani na wageni sita kwa pamoja humchosha mtu ambaye ubongo wake unachuja sauti kwa shida. Wageni wawili, dakika kumi na tano, wakae upande anaoona vizuri. Mwulize maswali ya ndiyo na hapana. "Kaka, chai?" ni bora kuliko "Unataka kunywa nini asubuhi hii?" Neno likimkwama mpe muda, hesabu mpaka kumi moyoni kabla hujamsaidia. Asiyeweza kusema anaweza kuonyesha kwa kidole, kwa hiyo chora kwenye karatasi glasi, choo, kitanda, maumivu. Na usimzungumzie juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Wengi wasioweza kujibu wanaelewa.

Tatu, usibishane na anachoamini. Akisema anakwenda kazini, mwambie, "Sawa, tunywe chai kwanza." Pesa, funguo za gari na visu viwekwe mbali bila kutangaza.

Mabadiliko ya ghafla ndani ya siku moja au mbili, hasa pamoja na usingizi mzito, yasichukuliwe kuwa tabia. Yanaweza kuwa uvimbe wa maji, sukari, maambukizi au kifafa kisichoonekana, na hayo yanatibika.

Picha ya kwanza baada ya mionzi

MRI hurudiwa wiki chache baada ya mionzi, na inaweza kuonyesha kitu kikubwa kuliko mwanzo. Msikate tamaa papo hapo. Katika miezi mitatu ya kwanza hasa, mionzi yenyewe huweza kuleta uvimbe na weupe kwenye picha unaofanana na saratani iliyorudi, kisha ukapungua wenyewe. Ndiyo maana daktari anaweza kusema tuendelee na turudie picha. Mwulize, "Je, inaweza kuwa athari ya mionzi?" Hapa daftari lako lina thamani kubwa: mgonjwa anayetembea vizuri kuliko mwezi uliopita na deksa yake imepungua, hiyo ni habari ambayo picha peke yake haina.

Nyumbani, siku za kitandani

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, na mito iwekwe katikati ya magoti na chini ya vifundo. Tazama mgongo, nyonga na visigino kila unapomwogesha. Wekundu usiopotea ukibonyeza ni mwanzo wa kidonda. Usimvute kwa mkono uliopooza, bega huteguka. Mwinue kwa kumshika kiunoni au kwa shuka chini yake, watu wawili. Kwa choo, kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati juu ya ndoo kinaokoa migongo ya nyumba nzima.

Akikohoa anapokunywa, maji yanakwenda njia ya hewa. Mkalishe wima, kidevu kiinamie kifuani, mlishe kwa kijiko kidogo upande wenye nguvu, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Uji mzito kiasi hupita salama kuliko maji matupu.

Nawe ulale. Saa sita za usingizi mara nne kwa wiki zipangwe kwenye zamu kama dawa zinavyopangwa, na mtu mwingine ashike usiku huo hata kama hafanyi kama wewe.

Tiba shufaa

Iombeni mapema, hata tiba ya saratani ikiwa inaendelea. Kazi yake ni kuondoa maumivu, kichefuchefu, kukosa usingizi na hofu, na wahudumu wake wana uzoefu wa kuongea na familia. Mofini ya maji hutolewa na hospitali zenye huduma hii. Ikitolewa kwa dozi iliyopangwa haimharakishi mtu kufa, na mwenye maumivu hapaswi kunyimwa kwa hofu ya kuwa mraibu. Hufunga choo, kwa hiyo iende pamoja na dawa ya kulainisha.

Ugonjwa ukirudi na madaktari wakisema tiba imefikia mwisho, mgonjwa huanza kulala saa nyingi zaidi, kula kidogo, na kumeza kwa shida. Hapo ulizeni mambo matatu kabla hayajatokea: dawa ya kifafa itatolewaje akishindwa kumeza, maana iko ya kuchoma na ya kuweka njia ya haja kubwa, deksa iendelee au ipunguzwe, na akianguka kifafa kirefu nyumbani mumpe nini. Ulizeni pia, kama mlipata nafasi ya kumsikia mwenyewe, alitaka awe wapi. Andikeni majibu ukurasa wa kwanza wa daftari, juu kabisa, ili hata anayekesha usiku huo akiwa ni shemeji aliyewasili jioni, ajue cha kufanya na nani wa kumpigia. Msimlazimishe kula. Mlowesheni midomo kwa pamba yenye maji, mgeuzeni, mpakeni mafuta, na wanaotaka kumwambia neno wakae karibu wamwambie, kwa sababu kusikia kunaweza kubaki hata maneno yakiwa yameisha.